Fundi Anayesikiliza Kwanza

Usenge, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria katika kaunti ya Siaya, haukosi kelele: injini za boti, wanunuzi wa omena wanaobishana bei, muziki wa madukani. Lakini ndani ya studio moja ndogo ya kurekodia, kelele moja ilikuwa imesimamisha kazi. Kompyuta ya mezani ilikuwa mpya kabisa, na kila ilipowashwa spika zilivuma. Mvumo huo ulikaa chini ya sauti ya nyatiti, pale pale zinapolia nyuzi zake nene. Mwenye studio akamwita fundi wa umeme mwenye leseni.

"Omera, washa kila kitu, halafu tunyamaze," alisema fundi. Akaketi kwenye stuli, mkoba wa vifaa ukiwa bado umefungwa. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tungevumilia. Kisha akasema kelele ziko mbili: mvumo mzito wa spika, na mlio mwembamba unaotoka ndani ya kompyuta yenyewe.

Akaanza na ule mwembamba. Alikunja karatasi ngumu ikawa bomba, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaipitisha taratibu nje ya kasha lililofunguliwa ubavu: feni ya mbele, feni ya prosesa, kadi ya michoro, pawa saplai. Kwenye pawa saplai akatulia. Akamwambia kijana wa studio asogeze kurasa kwenye skrini, na mlio ukapanda na kushuka kadiri kurasa zilivyokwenda. Ni koili, akaeleza: waya wa shaba uliozungushwa kwenye kiini. Mkondo unaopita humo ukibadilika upesi upesi, koili hutetemeka, na ikiwa haikushikwa imara kiwandani, mtetemo wake husikika. Hauunguzi kitu. Hakugusa skrubu hata moja ya pawa saplai, kwa kuwa kapasita za ndani huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Akageukia spika. Alichomoa waya wa sauti unaotoka kwenye kompyuta, na mvumo ukakatika. Alipourudisha, ukarudi. Basi amplifaya haikuwa na kosa. "Ukigusa kasha, mkono hauwashi?" akauliza. Mwenye studio akashangaa: ndiyo, humwasha, hasa akiwa pekupeku. Fundi akachomoa tena waya wa sauti, akatoa mita, akaweka ncha moja kwenye chuma cha kasha na nyingine kwenye chuma cha amplifaya. Ikasoma zaidi ya volti 100.

Hapo ndipo alipokwenda kuzima swichi kuu. Akapima soketi kuhakikisha imekufa, akalegeza skrubu mbili, akaivuta taratibu kutoka ukutani. Waya wa kijani na njano, wa ethi, ulikuwa umeingizwa kwenye tundu lake, lakini skrubu haikuubana. Alikata ncha iliyochakaa, akamenya plastiki kiasi cha kutosha tu, akakunja nyuzi za shaba pamoja, akakaza, akauvuta kwa nguvu kujaribu. Haukutoka. Akatoka nje hadi kwenye fimbo ya ethi kando ya ukuta, akalegeza klampu, akakwangua kutu kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akakaza tena.

Umeme uliporudi, mita ilisoma karibu na sifuri, na waya wa sauti uliporudishwa, mvumo ukawa umekwisha. Ulibaki mchakacho mdogo uliofuata mwendo wa mausi. Kompyuta na amplifaya zilikuwa kwenye soketi mbili, kwa hiyo mkondo mdogo ulizunguka kati ya ethi zake kupitia waya wa sauti. Akaziweka zote kwenye eksitensheni moja, mchakacho ukapungua. Akafunga transfoma ndogo ya sauti katikati ya waya, ukaisha. Baada ya kila hatua alisikiliza kwanza, na hakubadilisha vitu viwili kwa mpigo, ili ajue ni kipi kilichotibu.

Kuhusu koili, hakudai ushindi. Alishauri kompyuta irudishwe dukani ibadilishiwe pawa saplai, maana garantii bado ipo.

Wapo wanaonyamazisha mvumo kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi. Kweli mvumo huweza kuisha, lakini kinga nayo imeondoka. Umeme wa Kenya ni volti 240; siku waya wa laivu utakapogusa kasha, mtu atakayelishika ndiye atakayegeuka ethi. Spika zako zikivuma, usiukate waya huo. Mwite fundi mwenye leseni, na umwachie muda wa kusikiliza.