Wachoraji wa Munich na Imani Yao

Wengi hudhani kwamba wachoraji wakionyesha kazi zao pamoja, sharti picha zao zifanane kama watoto wa tumbo moja. Maonyesho yaliyofunguliwa mjini Munich, katika nyumba ya Thannhauser, tarehe 18 Desemba 1911, yaikanusha dhana hiyo.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi. Kandinsky, Mrusi, alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha wachoraji kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1909. Chama kilipoikataa picha yake moja kwa hoja kwamba ilizidi kipimo, alijitoa pamoja na Franz Marc na Gabriele Münter. Baada ya majuma machache wakaonyesha kazi zao kwa jina la Mpanda Farasi wa Buluu, katika vyumba vilivyopakana na vya chama kile kile.

Aliyeingia aliona ng'ombe wa manjano wa Marc akiruka kwa furaha. Mnara wa Eiffel ulivyovunjwavunjwa na Delaunay. Picha za Schoenberg, mtunzi wa muziki. Na kuku wa Rousseau, aliyekuwa karani wa ushuru Paris na kufariki mwaka 1910. Kilichowafunga ni imani moja, kwamba umbo la picha huzaliwa na haja iliyo ndani ya mchoraji. Naihesabu imani hiyo kuwa tukufu, kwani ni rahisi kumpenda rafiki achoraye kama uchoravyo wewe.

Hata hivyo, ilikuwa na upofu. Kitabu walichokitoa Mei 1912 kilichapisha, kando ya picha za Ulaya, nguzo iliyochongwa Kameruni, wakati huo koloni la Wajerumani. August Macke aliandika juu ya vinyago kwa heshima ya kweli. Lakini nguzo ilipewa jina la nchi. Mchongaji hakupewa lake. Wakulima wa Bavaria waliochora juu ya vioo nao hawakutajwa, ni kweli. Ila nchi yao haikuwa imetwaliwa. Waliosema kwamba sanaa hutoka katika nafsi ya mtu, walipaswa kumwuliza mtu huyo ni nani.

Vita viliwatawanya. Kandinsky alilazimika kuondoka Ujerumani mwaka 1914. Macke aliuawa Septemba mwaka huo, na Marc aliuawa karibu na Verdun Machi 1916. Kitabu cha pili walichokikusudia hakikutoka.