Kushinda ama Kujionyesha?



Siku moja baada ya mafundisho, vijana wa parokia walituonyesha katika simu picha za mashindano ya Ulaya. Watu wazima wamevaa chuma toka kichwani hata miguuni, wameshika panga, ngao na mashoka, nao wanapigana ndani ya uzio wa mbao kama askari wa zamani sana. Kijana mmoja akacheka, akasema: «Huo ni mchezo wa kuigiza, kama ule wetu wa Noeli.» Mwenzake akakataa: «Tazama yule alivyoangushwa! Nani aweza kuigiza hivyo?» Kisha wakatugeukia: «Mwalimu, utuambie. Hawa wanashindana kweli, ama wanajionyesha tu?»

Tulijibu kwa haraka kwamba ni upuuzi wa watu waliokosa kazi. Jibu hilo halikuwa jema. Swali la vijana lilikuwa swali la kweli, tena hata wale wanaovaa chuma wanabishana juu yake. Wengine wasema: watu wamekuja kutazama, basi tuwapendeze, ushindi ni kitu kidogo. Wengine wasema: pasipo mshindi wa kweli sisi si wapiganaji, tu wachekeshaji waliovaa vyungu vya chuma. Tumesoma, tumetazama tena, na leo twataka kutoa hukumu yetu kwa utaratibu.

Yafaa tuanze na zamani zenyewe, maana kila upande hudai kwamba wazee walikuwa upande wake.

Katika karne ya 12, hasa kaskazini mwa Ufaransa, mashindano hayo hayakuwa ya watu wawili mbele ya jukwaa. Yalikuwa makundi mawili ya wapanda farasi wakifukuzana mashambani na vijijini. Shabaha haikuwa kuua, ilikuwa kukamata: aliyekamatwa alitoa farasi wake, deraya yake ama fedha, ili apate kujikomboa. Mwingereza William Marshal, aliyekufa mwaka 1219, alipata mali na sifa kwa njia hiyo. Kitabu cha maisha yake chasema kwamba yeye na mwenzake walikamata mashujaa 103 katika muda wa miezi kumi hivi. Kitabu hicho hicho chasimulia habari ya mashindano ya Pleurs. Yalipokwisha, wakubwa walikubaliana kumpa Marshal zawadi ya samaki mkubwa, wakamtafuta wasimwone. Mwisho wakamkuta kwa mhunzi, amelaza kichwa juu ya fuawe, na mhunzi anagongagonga chepeo iliyobonyea hata ikakataa kutoka kichwani. Habari hiyo yatupendeza. Mshindi hakuwa amesimama uwanjani akingoja makofi. Ushahidi wa ushindi wake ulikuwa katika chuma kilichobonyea.

Lakini tusidhani ya kuwa zamani zile zilikuwa safi. Watu walikufa, na mara nyingine hasira ya mchezo iligeuka kuwa vita kweli. Kwa hiyo Konsili ya Clermont mwaka 1130 ilikataza makusanyiko hayo. Konsili ya Laterano ya mwaka 1139 ikarudia katazo, ikaagiza kwamba anayeuawa humo asipate maziko ya Eklezia, ingawa asinyimwe kitubio akikiomba. Konsili ya mwaka 1179 ikarudia tena. Mashujaa hawakusikia sana, na mwaka 1316 Papa Yohane XXII aliliondoa katazo hilo. Watu husema Eklezia ilichukia michezo. Heri tutazame sababu waliyoitoa maaskofu: waliwalaumu watu wanaokutana kwa ajili ya kuonyesha nguvu na ushupavu wao bila busara, hata miili inakufa na roho zinaingia hatarini. Neno ni hilo hilo la vijana wetu: kujionyesha. Basi ugomvi huu una umri wa karibu miaka 900.

Polepole maonyesho yakaongezeka. Ulrich von Liechtenstein, shujaa wa nchi ya Steiermark, alisimulia mwenyewe jinsi mwaka 1227 alivyosafiri toka upande wa Venezia hata mpaka wa Bohemia, amevaa mavazi ya kike kama Venus, mungu wa Warumi wa kale, akimwita kila shujaa wa njiani avunje mkuki naye. Mwenye kusimulia ndiye mwenye kusifiwa. Msomaji ajue kupunguza.

Baadaye mchezo wa wawili wawili ulishika nafasi ya kwanza: farasi kwa farasi, mkuki kwa ngao. Hapo twaona jambo la busara. Mwaka 1466 Bwana John Tiptoft wa Uingereza aliandika sheria za mchezo huo, na ushindi ulihesabiwa hasa kwa mikuki iliyovunjika. Fikiri, msomaji. Mkuki unaovunjika ni onyesho kubwa: mlio kama wa mti unaopasuka, vipande vinaruka juu, watu wote wanapiga kelele. Lakini ni ushahidi pia, maana mkuki usiopiga vema hauvunjiki. Mwamuzi na mtoto aliyekaa mabegani mwa baba yake waliona kitu kimoja. Pale maonyesho hayakuyameza mashindano, yaliyaweka wazi.

Hata hivyo hatari ilibaki. Tarehe 30 Juni 1559, mjini Paris, katika sherehe za arusi, mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa amekwisha kukimbia mara kadhaa mbele ya watu, akataka mara moja zaidi. Mkuki wa Gabriel de Montgomery ukavunjika, vibanzi vikamwingia karibu na jicho, naye akafa tarehe 10 Julai. Ile mara moja zaidi haikuhitajiwa na mtu ila yeye.

Na maonyesho yasiyo na mashindano je? Mwaka 1839 Bwana Eglinton wa Scotland alitaka kufufua mchezo wa wazee. Watu wapata 100,000 walikuja. Siku ya kwanza, tarehe 28 Agosti, mvua kubwa ikanyesha, uwanja ukawa tope, na mmoja wa wakubwa wa maandamano akaonekana amefungua mwavuli. Siku mbili baadaye walikimbiza farasi na kuvunja mikuki kweli, lakini wanaoikumbuka mikuki hiyo ni wachache. Mwavuli wanaukumbuka wote. Ndivyo ilivyo: ukiwaita watu waje kutazama mavazi, mavazi yakiloa huna kitu kingine cha kuwapa.

Sasa tuje kwa watu wa siku hizi. Twaona namna tatu.

Ya kwanza ni ile ya nyumba za chakula za Medieval Times, zilizotoka Hispania, zikafunguliwa Marekani mwaka 1983 huko Kissimmee, Florida. Wageni wanakula kwa mikono na kumshangilia shujaa wa rangi ya upande wao. Kila pigo limepangwa na kuzoezwa. Hatuwalaumu, maana ni maonyesho yanayojulikana kuwa maonyesho. Nani aliyewahi kuuliza, usiku wa Noeli, ni askari gani wa Herode aliyeshinda? Wala kazi yao si ya kuchezea: mwaka 2022 waigizaji wa New Jersey walipiga kura ya kuingia chama cha wafanyakazi, na usalama wao ulikuwa mojawapo ya madai yao. Pigo la kuigiza laweza kuvunja mfupa.

Ya pili ilianza mwaka 1966 katika ua wa nyumba moja ya Berkeley, Kalifornia, ikazaa chama cha Society for Creative Anachronism. Hao huvaa deraya na kupigana kwa nguvu, lakini panga zao ni za henzirani, fito zile zinazotengenezewa viti. Ushindi haupangwi, na mshindi wa shindano kubwa huwa mfalme wa chama katika jimbo lake kwa muda wa miezi. Sasa sikiliza sheria yao: mwenye kupigwa ndiye anayetamka kwamba amepigwa. Wasimamizi wapo kwa ajili ya usalama na utaratibu. Lakini pigo likimpata mtu vema, yeye mwenyewe hukiri na kuanguka kama maiti. Likipata mguu, hupiga magoti na kuendelea hivyo. Likipata mkono, huacha kuutumia. Wengine huanguka kwa madaha mengi, wakizunguka mara mbili kabla ya kulala, na watu hucheka. Je, huko si kujionyesha? Ndiyo, lakini kumekuja baada ya kukiri. Madaha yale yanawaambia watazamaji habari ya kweli. Kasoro yake yajulikana: asiyetaka kushindwa hujifanya hakusikia kitu, na chuma kizito ni kisingizio kizuri.

Ya tatu ndiyo ile ya simu za vijana, inayoitwa buhurti. Mwaka 2010, katika ngome ya Khotyn huko Ukraina, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Vita ya Mataifa. Mwaka 2013 yalifanyika Aigues-Mortes, Ufaransa. Silaha ni za chuma zisizo na makali, na kuchoma kwa ncha ni marufuku. Anayegusa chini kwa kitu kingine zaidi ya nyayo zake mbili ametoka. Hapo hakuna haja ya kukiri. Ardhi ndiyo shahidi. Sheria hiyo ni ya haki, wala haidanganyiki upesi. Lakini tazama inavyozaa: kwa kuwa kuangusha ndiko kunakohesabiwa, wengi huacha ufundi wa upanga, wakakumbatiana na kusukumana kama watu wa mieleka. Aliyekuja kuona upanga anaona uzito wa mwili. Na jina lenyewe lashangaza, maana zamani buhurti ulikuwa mchezo mwepesi, wa kujizoeza na kufurahi. Lakini wana sheria nyingine tunayoisifu: deraya lazima ifuate mifano ya zamani. Wapenda ushindi huiona kuwa pambo tu. Sisi twaiona kuwa hatamu. Bila hiyo kila mtu angevaa chochote cha kumshindisha, na shindano lingekuwa rabsha ya watu wenye vyuma.

Basi hukumu yetu ni hii. Si haki kumlaumu mtu kwa kuwa anaonyesha, wala kwa kuwa anataka kushinda. Wazee walifanya yote mawili, tena siku moja. Swali la kuuliza ni hili: je, anayetazama anaona lililotokea kweli? Mkuki wa mwaka 1466 ulipovunjika, aliliona. Mtu wa henzirani anapoanguka kwa madaha baada ya pigo la kweli, analiona. Lakini anayeficha pigo alilopata, ili asishindwe, amegeuza shindano kuwa uongo. Na anayekimbia mara moja zaidi kwa ajili ya macho ya watu, amegeuza uhai kuwa pambo. Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Makofi ni mazuri, lakini hayajui kuonja tembo.

Tuliwarudia vijana, tukawaambia hayo. Mmoja wao, mlinda lango wa timu ya parokia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, Jumapili mpira ulivuka mstari. Mwamuzi hakuona. Mimi niliona.» Wenzake wakamtazama. Hatukumwambia neno, maana alikuwa amekwisha kuelewa kuliko sisi.