Mahali Panapofutwa: Uhakiki wa Utatuzi wa Hitilafu za Mipangilio ya Kiswahili katika Mfumo Endeshi, kwa Mfano wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Lugha ya kuandikia programu iitwayo Python ina maktaba ndogo yenye jina la locale. Kazi yake ni kuuliza mfumo endeshi umepangwa kwa lugha gani na kwa nchi gani, kisha kuiwezesha programu kuandika namba, sarafu, tarehe na saa kwa desturi ya mahali hapo. Kifurushi hicho cha kanuni kinaitwa katika uhakiki huu mpangilio wa mahali. Utaratibu wenyewe haukubuniwa na Python. Uliingia katika sanifu ya lugha ya C mwaka 1989 kupitia amri ya setlocale, na Python imeurithi karibu kama ulivyo. Kiswahili cha Tanzania kinatambulishwa humo kwa alama sw_TZ, na cha Kenya kwa sw_KE.

Sehemu hii inahakiki njia zinazotumika kutatua hitilafu za maktaba hiyo pale ambapo mahali panapoombwa ni Tanzania. Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, imechaguliwa kuwa kipimo. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012 kutokana na maeneo ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Uchumi wake unategemea sana pamba, zao ambalo hupimwa kwa kilo, hulipwa kwa shilingi na hukusanywa kwa saa zilizotangazwa. Kwa hiyo kanuni za namba, sarafu na saa zinagusa moja kwa moja haki ya mkulima. Hoja kuu ni kwamba utatuzi uliozoeleka huondoa ujumbe wa kosa kwa kupafuta mahali pa mtumiaji, na kwamba hitilafu zinazochukuliwa kuwa za aina moja ni za aina tatu, kila moja ikiwa na dawa yake.

2.0 Mpangilio Usiokuwapo

Hitilafu ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi. Programu inaomba sw_TZ, na maktaba inajibu kwamba mpangilio huo hautambuliwi. Anayelisoma jibu hilo kwa haraka hudhani kwamba kompyuta haijui Kiswahili. Katika mifumo mingi ya Linux dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa maelezo ya sw_TZ yamo katika maktaba ya msingi ya mfumo, yaani glibc. Kinachokosekana ni hatua ya kuyatayarisha. Amri ya locale -a huorodhesha mipangilio iliyo tayari. Katika mifumo ya ukoo wa Debian, mstari wa sw_TZ huondolewa alama ya kuuzuia katika faili la /etc/locale.gen, kisha amri ya locale-gen huendeshwa. Hitilafu hiyo huishia hapo.

Hata hivyo, ushauri unaotolewa mara nyingi ni mwingine: kuweka LC_ALL kuwa C, au C.UTF-8. Ni kweli kwamba ujumbe wa kosa hutoweka. Lakini C ni mpangilio usio na mahali. Hauna alama ya sarafu, hauna kitenganishi cha maelfu, na majina yake ya siku na miezi ni ya Kiingereza. Athari yake inaweza kuonekana katika mfano wa kubuni wa programu ya malipo ya pamba. Karani anaingiza uzito wa kilo 1,250, akitumia mkato kutenganisha maelfu kama ilivyo desturi ya maandishi ya Tanzania. Chini ya C, kitendo cha atof cha maktaba hiyo hukataa kuisoma namba hiyo na programu husimama. Chini ya mpangilio wa Kifaransa, namba hiyo husomwa bila lalamiko lolote kuwa kilo moja na robo. Kusimama kwa programu kuna nafuu, kwa sababu karani atajua kwamba kuna jambo. Katika hali ya pili mkulima hulipwa kilo moja na robo, na rekodi itaonekana safi.

Ni haki kukiri kwamba C ina mahali pake halali. Kumbukumbu zinazohifadhiwa ili zisomwe na programu nyingine zinapaswa kuwa katika umbo lisilofungamana na nchi yoyote. Ndiyo maana toleo la 3.7 la Python, lililotoka mwaka 2018, halikuiondoa C. Liliifanya tu itumie usimbaji wa UTF-8 pale inapowezekana, ili herufi zisiharibike. Upungufu wa ushauri uliozoeleka ni kwamba hautofautishi kuhifadhi na kuonesha. Risiti anayokabidhiwa mkulima ni maandishi ya kusomwa na mtu, na mtu huyo yuko Bariadi.

3.0 Mpangilio wa Mahali Pengine

Hitilafu ya pili haitoi ujumbe wowote. Kwa miaka mingi mfumo wa Windows ulikuwa na Kiswahili kimoja tu katika orodha yake, nacho ni sw-KE, chenye namba ya utambulisho 0x0441. Kiswahili cha Tanzania kiliongezwa katika Windows 10. Kabla ya hapo, aliyechagua Kiswahili alipewa Kenya pamoja nacho, na kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa kufuata mpangilio huo kiliandikwa kwa sarafu ya Kenya. Programu haikuona kosa, kwa kuwa iliomba Kiswahili na ikapewa Kiswahili.

Hali hiyo inaonesha udhaifu wa kuichukua lugha kuwa sawa na mahali. Hifadhidata ya CLDR ya Unicode inalithibitisha hilo kwa upande wa namba. Kiswahili cha Tanzania na Kenya hutumia nukta kutenga desimali, ilhali Kiswahili cha Kongo, sw_CD, hutumia mkato. Anayetatua hitilafu kwa kuomba sw pekee, bila nchi, ameacha swali la uzito wa pamba lijibiwe na mfumo.

Pamoja na hayo, si kila kuazima kwa jirani ni kosa. Katika hifadhidata ya majira inayotumiwa na mifumo mingi, jina la Africa/Dar_es_Salaam limefanywa kuwa kiungo cha Africa/Nairobi. Kuunganishwa huko hakumdhuru mtu wa Bariadi, kwa sababu tangu mwaka 1970 nchi hizo mbili zimetumia majira yaleyale, saa tatu mbele ya majira ya kimataifa. Kigezo kinachofaa, basi, ni kama tofauti iliyofutwa inabadili maana ya kilichoandikwa. Kwa majira haibadili. Kwa shilingi inabadili.

4.0 Saa Isiyo na Nafasi

Hitilafu ya tatu ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa haiondoki hata sw_TZ inapotayarishwa ipasavyo. Muundo wa mpangilio wa mahali umetenga nafasi kwa majina ya siku, kwa hiyo Jumatatu huandikwa Jumatatu bila shida. Kwa upande wa saa, muundo huo unatambua hesabu mbili tu: ya saa 24, na ya saa 12 inayoanzia usiku wa manane na adhuhuri. Hesabu ya Kiswahili, inayoanzia mapambazuko na machweo, haina nafasi humo.

Madhara yake si ya kinadharia. Matangazo rasmi nchini Tanzania huandika saa 2:00 asubuhi kwa wakati ambao kompyuta huuita 08:00. Mwanaprogramu akitanguliza neno saa mbele ya hesabu ya saa 12 ya mfumo, wakati wa 13:00 utaandikwa saa 1:00. Mkulima wa Itilima aliyetakiwa kufikisha pamba yake kituoni wakati huo atafika asubuhi na kusubiri saa sita, au atakuja magharibi na kukuta mizani imefungwa. Tangazo linasomeka kama Kiswahili fasaha, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Suluhisho mojawapo ni kubadili majira ya kompyuta kwa saa sita. Linastahili kukataliwa kabisa. Linasahihisha uso wa saa kwa kuharibu kumbukumbu zote, na baadhi ya miamala itahamia tarehe isiyo yake. Njia salama ni kuuacha mfumo uhifadhi wakati kama ulivyo, kisha kubadili maandishi ya kuonesha tu. Saa ya mfumo huongezwa sita, jumla hugawanywa kwa kumi na mbili, na baki huchukuliwa. Baki likiwa sifuri, huandikwa kumi na mbili. Hivyo 13:00 hutoa saba, na 06:00 hutoa kumi na mbili. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku huambatishwa baadaye. Hesabu hiyo ni ya mstari mmoja. Kwamba kila mwanaprogramu analazimika kuiandika upya ni ushahidi wa upungufu wa muundo, wala si wa lugha.

5.0 Hitimisho

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta zina historia ya kuheshimika. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ni mfano mmojawapo. Juhudi hizo zilijikita zaidi katika istilahi, yaani maneno yanayoonekana kwenye menyu na vitufe. Uhakiki huu umeonesha kwamba chini ya istilahi kuna tabaka la mipangilio ambalo huamua kilo, shilingi na saa, na kwamba tabaka hilo linaweza kukosea huku maneno ya juu yakiwa sahihi.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba mafunzo ya programu yanayotolewa kwa Kiswahili yafundishe maswali matatu kabla ya dawa yoyote: je, mpangilio haujatayarishwa, ni wa mahali pengine, au muundo hauna nafasi kwa jambo linalotakiwa? Aidha, programu inayotumika kupimia na kulipa ijaribiwe kwa namba yenye mkato na kwa wakati wa alasiri kabla haijapelekwa kituoni. Majaribio hayo mawili hayagharimu chochote, nayo yangebaini sehemu kubwa ya makosa yaliyohakikiwa hapa kabla mkulima hajafika na mzigo wake.