Waifai ya Sakafu Tatu Mjini Ifakara

Mji wa Ifakara, uliokaa katika uwanda wa Mto Kilombero chini ya safu ya milima ya Udzungwa, una tarehe ndefu ya kazi ya upimaji. Mwaka 1957 Waswisi walifungua hapa maabara ya utafiti wa maradhi ya nchi za joto, ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, na mwaka 1996 ulianza utaratibu wa kuzitembelea kaya za Kilombero na Ulanga na kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Zamani habari hizo zilijazwa katika makaratasi yaliyorudi ofisini yakiwa na vumbi la njia. Leo huingizwa katika vishikwambi, na kishikwambi kisichopata mtandao kinapofika ofisini hubaki na amana yake tumboni. Ndiyo maana swali la waifai ndani ya jengo, ambalo wengi hulihesabu kuwa jambo la starehe, mjini humu ni swali la kazi.

Jengo ninalolichambua ni la ofisi, lina sakafu tatu, kuta za matofali ya saruji na paa la bati. Kabla ya marekebisho lilikuwa na ruta mbili zenye nguvu nyingi, zote zimewekwa sakafu ya kati, kwa rajua kwamba mawimbi yatapanda na kushuka yenyewe hadi yaenee. Malalamiko yalikuwa ya ajabu kwa mtu asiyejua siri ya mawimbi: simu ya mhasibu wa chini ilionyesha alama za waifai karibu zote, ilhali barua pepe haikuondoka. Shauri la kwanza lililotolewa na kila mtu lilikuwa kununua ruta yenye antena kubwa zaidi, nalo lingekuwa hasara tupu.

Sababu ni hii. Mtandao usio na waya ni maongezi ya pande mbili, na mmoja wa wasemaji ana gunda ilhali mwenzake ananong’ona. Ruta hurusha kwa kadiri ya miliwati mia au zaidi. Simu ya mkononi, kwa kuhifadhi betri na kwa udogo wa antena yake, mara nyingi hurusha theluthi ya nguvu hiyo au pungufu. Mhasibu aliisikia ruta vizuri, na alama katika simu yake zilisema kweli, lakini ruta haikumsikia yeye. Kuongeza nguvu za ruta katika hali kama ile ni kumfanya msikilizaji wa mbali azidi kudanganyika. Basi msingi wa tadbiri yote iliyofuata ulikuwa kuanza na simu iliyo dhaifu kuliko zote jengoni, kuuliza sauti yake inafika umbali gani, kisha kuweka vifaa kwa mujibu wa umbali huo.

Upimaji ulifanywa saa za kazi, watu wakiwa mezani na milango ikiwa katika hali yake ya kila siku, kwa kuwa mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunywa mawimbi. Akses pointi moja, yaani kile kisahani cheupe kinachobandikwa darini, ilifungwa juu ya ngazi ya kukunja, ikapewa nguvu zilizopunguzwa hadi zikaribiane na za simu, nasi tukatembea na simu ya kawaida iliyoshikwa kifuani kama mtu anavyoishika anaposoma ujumbe, tukiandika kipimo katika ramani ya kila chumba. Kipimo hicho huandikwa kwa desibeli zilizo chini ya sifuri: 67 chini ya sifuri ndicho kiwango ambacho mafundi wengi hukishika kwa maongezi ya sauti, na kila desibeli kumi zikishuka, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi.

Ramani ilipokamilika, jengo lilijieleza. Ukuta mmoja wa matofali ulipitika bila taabu kubwa. Sakafu ya zege yenye nondo ilipoteza kiasi cha desibeli ishirini, maana yake katika sehemu mia za nguvu ilipita moja tu. Mahali pabaya kuliko pote palikuwa masijala, ambamo makabati ya chuma yalipangwa bega kwa bega toka ukutani hadi ukutani. Mtu akisimama mbele yake kipimo kilikuwa kizuri, akipiga hatua mbili nyuma yake kilianguka kama aliyefungiwa nje. Hakuna mchoro wa mhandisi ambao ungeonyesha makabati yale, kwa kuwa yaliletwa baada ya jengo kwisha, na kwa rai yangu hii ni hoja tosha dhidi ya wale wanaopanga waifai kwa kutazama karatasi pekee.

Kwa hiyo kila sakafu ilipewa akses pointi zake tatu, na zege, lililokuwa adui wa mpango wa kwanza, likageuzwa kuwa msaidizi, maana lilizuia sauti za sakafu moja zisiivuruge nyingine. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Sakafu ya chini ilizipanga kwa taratibu hiyo toka kushoto kwenda kulia. Ya kati ilianza na 11, ikafuata 1, kisha 6. Ya juu ikaanza na 6, kisha 11, kisha 1. Hivyo hakuna akses pointi iliyo juu au chini ya mwenziwe wa chaneli moja, na wanaofanana hukutana kwa mshazari tu, palipo na zege na ukuta baina yao. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na huchoka upesi yanapopita ukutani, sifa ambayo katika jengo la namna hii ni faida, na ndiyo yaliyokabidhiwa kazi kubwa ya mchana.

Kwa nini hofu yote hii ya chaneli? Kwa sababu katika chaneli moja husema mmoja kwa wakati. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii, walipounganisha visiwa vyao kwa redio mwaka 1971 katika mtandao wa Aloha, waliacha kila mtambo urushe unapotaka, na jumbe zilizogongana zikarudiwa. Waifai, iliyopata kanuni zake rasmi mwaka 1997, iliongeza adabu ya kusikiliza kwanza. Lakini anayesikiliza hujizuia hata kwa sauti hafifu inayotoka mbali, na akses pointi yenye nguvu kupita kiasi hunyamazisha vyumba ambavyo haivihudumii. Hapo ndipo ruta zile mbili zilipodhuru jengo zima.

Nyaya zilielekezwa kwenye swichi moja karibu na ngazi za sakafu ya kati, ili kebo yoyote isikaribie mita 100, mpaka wake wa kaida, na umeme wa akses pointi hupita katika kebo hizo hizo. Bonde hili liko jirani na mitambo ya Kidatu ya megawati 204 na ya Kihansi ya megawati 180, walakini waya unaofika ofisini ni ule ule unaoangukiwa na miti wakati wa masika; betri moja chini ya swichi ikatosha kuziweka hai akses pointi zote tisa wakati jenereta likisubiriwa. Zile za sakafu ya juu zilifungwa chini ya dari, hazikufichwa juu yake, kwani nafasi iliyo kati ya dari na bati la Ifakara adhuhuri ni tanuri.

Ndani ya mlango wa kabati la swichi imebandikwa ramani ya sakafu tatu, yenye chaneli na kiasi cha nguvu cha kila akses pointi, pamoja na vipimo vya kila chumba, masijala ikiwamo. Fundi yeyote atakayeitwa kwa lalamiko jipya ana pa kuanzia: apime chumba hicho kwa simu ya kawaida, alinganishe na kilichoandikwa, aulize ni kabati gani limehamishwa, na kabla ya kufanya hayo yote asiguse kiasi cha nguvu.