Fundi wa Kobalti

Mwaka 1949, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, mwanafizikia mmoja wa Kichina alikuwa akihangaika na chumvi. Alikuwa na shaba salfeti yenye mionzi, akataka kuipaka juu ya utando mwembamba ili ikae sawasawa kila mahali. Chumvi ilimkatalia. Maji yalipokauka ilijikusanya vibonge vibonge, hapa nene, pale hamna kitu. Akatia sabuni kidogo katika mmumunyo. Maji yakaacha ukaidi, yakatandaa, na chumvi ikabaki nyembamba. Kwa sabuni hiyo Chien-Shiung Wu alimaliza ubishi uliokuwa umewasumbua wanafizikia kwa takriban miaka kumi na mitano.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Mwaka 1934 Mwitaliano Enrico Fermi alitoa nadharia ya mmeguko wa beta, yaani namna kiini cha atomi kinavyogeuka kuwa kiini cha aina nyingine kwa kurusha elektroni. Elektroni hizo hazitoki zote kwa nguvu moja. Nyingine huchomoka kwa kasi kubwa, nyingine hujikokota, na nadharia ya Fermi ilieleza zitakuwa kiasi gani za kila namna. Watu walipopima walikuta elektroni za kasi ndogo ni nyingi mno. Wengine wakaanza kusema Fermi kakosea, wakaleta nadharia mbadala. Wu hakuanza kwa kuikosoa nadharia, alianza kwa kuikagua chumvi. Aling'amua kwamba katika majaribio ya wenzake chumvi ilikuwa nene, na elektroni zilipojipenyeza kutoka ndani yake zilipoteza nguvu njiani. Hazikuzaliwa zikiwa za taratibu, zilichoshwa na safari. Alipopima kwa utando wake wa sabuni, hesabu za Fermi zilikubali.

Nampenda Wu kwa ajili ya sabuni ile kuliko kwa nishani zake zote. Tumezoea kumwona mwanafizikia kama mtu wa chaki na ubao, anayekaa kimya hadi fomula imshukie. Jina la ufundi tumewaachia seremala, mwashi na mshonaji. Lakini kuna fizikia ambayo ni kazi ya mikono kabisa: kusafisha, kupaka, kufunga, kuziba panapovuja, kuhesabu, kisha kujishuku na kuanza upya. Hiyo ndiyo aliyoiweza Wu, na katika karne ya 20 ni wachache waliomfikia.

Alizaliwa mwaka 1912 Liuhe, mji mdogo karibu na Shanghai. Baba yake, Wu Zhongyi, alianzisha shule ya wasichana iliyoitwa Mingde wakati ambapo wazazi wengi wa Kichina hawakuona haja ya kumsomesha binti, na mwanawe akawa miongoni mwa wanafunzi wake. Akahitimu fizikia mjini Nanjing mwaka 1934, na miaka miwili baadaye akapanda meli kwenda Marekani. Alikusudia kusoma Michigan, lakini aliposikia kwamba huko wanafunzi wa kike hawaruhusiwi kupita mlango wa mbele wa jengo la umoja wa wanafunzi, aliamua kubaki California, kwenye chuo cha Berkeley. Hakuwa mtu wa kupita mlango wa nyuma. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1940, akiwa amefanya kazi chini ya Ernest Lawrence na Emilio Segrè.

Kazi aliyoifanya Berkeley kuhusu gesi ya zenoni ilikuja kuhitajika kwa namna asiyoitegemea. Septemba 1944, kule Hanford katika jimbo la Washington, Wamarekani waliwasha tanuri lao kubwa la kwanza la nyuklia. Likaenda saa chache, likafifia lenyewe hadi likazimika, kisha baada ya muda likajifufua, likafifia tena. Ilikuja kubainika kwamba tanuri lilikuwa linajitia sumu. Urani inapopasuliwa huzaa, baada ya hatua kadhaa, zenoni-135, gesi inayomeza nyutroni kwa pupa, na bila nyutroni moto wa nyuklia haushiki. Aliyekuwa na vipimo vya gesi hiyo, katika andiko ambalo lilikuwa bado halijachapishwa, alikuwa Wu. Wakati huo alikuwa amekwisha kuajiriwa katika mradi wa siri uliojenga tanuri hilo, upande wa Columbia. Mradi huo ndio uliozaa mabomu yaliyoiteketeza miji miwili ya Japani, na sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ya Kiswahili cha Kongo. Sifa za ufundi hazifuti habari hiyo, nami sitajaribu kuifuta.

Tuje kwenye kobalti.

Hadi mwaka 1956 wanafizikia waliamini kwamba maumbile hayabagui kati ya kushoto na kulia. Tukio lolote ukilitazama kupitia kioo, lile unaloliona ndani ya kioo nalo lingeweza kutokea katika dunia hii hii. Sisi tuliofinywa utotoni kwa kupokea kitu kwa mkono wa kushoto tungeweza kuwadokeza kwamba usawa huo una walakini, lakini hakuna aliyetuuliza. Mwaka huo vijana wawili wa Kichina waliokuwa Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang, walipitia majaribio yote yaliyokuwapo wakagundua jambo la kushangaza: katika mmeguko wa beta na mambo ya jamii yake, imani hiyo haikuwahi kupimwa hata mara moja. Kila mtu alikuwa ameichukua kama ilivyo. Lee alikuwa Columbia pamoja na Wu, akaenda kumtaka shauri.

Wu na mumewe, Luke Yuan, naye mwanafizikia, walikuwa wamekwisha kukata tiketi ya meli ya Queen Elizabeth kwenda Ulaya na kisha Asia ya Mashariki. Ilikuwa inatimia miaka ishirini tangu aondoke kwao. Alimwomba mumewe asafiri peke yake. Alijua swali hilo likishatoka hadharani wengine watalirukia, naye alitaka kufika wa kwanza.

Jaribio lenyewe kwa maneno ni rahisi. Kiini cha kobalti-60 huzunguka kama pia. Ukiweka kioo kando ya pia iliyosimama, ndani ya kioo mzunguko wake hugeuka, lakini juu hubaki juu na chini hubaki chini. Sasa kiini kikimeguka na kurusha elektroni, je, hutoka sawa kwa sawa juu na chini? Zikitoka sawa, kioo hakina la kusema. Zikipendelea upande mmoja, dunia ya ndani ya kioo si yetu, na imani imekufa. Kobalti-60 tunaifahamu hata huku kwetu. Ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine za tiba ya mionzi zilizowahudumia wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam.

Ugumu ni kwamba viini havisimami upande mmoja kwa kuombwa. Joto huvitikisa, kila kimoja kikatazama kwake. Ili sumaku iweze kuvipanga ilibidi vipoozwe hadi kiasi cha sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho iliyo nyuzi 273 chini ya kuganda kwa maji. Columbia hapakuwa na mitambo ya baridi ya namna hiyo. Wu alimpigia simu Ernest Ambler wa Ofisi ya Taifa ya Viwango mjini Washington, fundi wa baridi kali. Wakaungana naye Raymond Hayward, Dale Hoppes na Ralph Hudson. Tangu hapo Wu akawa mtu wa treni, akifundisha New York na kupima Washington.

Kila kitu kilileta ukorofi wake. Elektroni hazipenyi ukuta wa chombo cha baridi, kwa hiyo kihesabio kilibidi kiwe ndani, katika ombwe, sentimita 2 tu juu ya kobalti. Waliweka fuwele nyembamba ya anthrasini, ambayo elektroni ikiigonga hutoa cheche ya mwanga, na cheche hizo zikasafirishwa na fimbo ya plastiki angavu yenye urefu wa zaidi ya mita moja hadi kwenye kifaa cha kuhesabia kilichokuwa nje. Kobalti nayo ilipakwa juu ya fuwele nyingine kama tabaka jembamba mno, kwa sababu ileile ya chumvi ya shaba. Kisha ikaonekana kwamba tabaka hilo linapata joto kwa sekunde chache tu, kabla hata ya kupimwa vizuri. Ikabidi lijengewe kijumba cha fuwele baridi pande zote. Fuwele kubwa za kutosha hazikupatikana kwa kununua, zikaoteshwa polepole Columbia na wasaidizi wa Wu, naye akazipeleka Washington kwa mkono wake, akiwa na furaha ambayo hakuificha alipoisimulia miaka ya baadaye. Kuzitoboa bila kuzipasua walitumia keekee ya daktari wa meno. Gundi ya kuunganisha vipande ikashindwa na baridi, kijumba kikafumuka. Mwishowe vipande vikafungwa kwa uzi wa nailoni.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Kanuni iliyoheshimiwa na mabingwa wote wa fizikia ilikuwa inasubiri hukumu yake kwenye vipande vya fuwele vilivyofungwa kwa uzi. Wolfgang Pauli alikuwa tayari kuweka fedha nyingi kwamba kanuni itasimama. Richard Feynman aliweka dola 50, akazilipa.

Mwishoni mwa Desemba dalili zikaanza kuonekana. Elektroni zilitoka kwa wingi upande ulio kinyume na uelekeo wa mzunguko wa kiini. Sumaku ikigeuzwa, nazo zinageuka. Baada ya dakika chache fuwele ilipata joto, viini vikavurugika, tofauti ikatoweka. Mkesha wa Krismasi theluji ilifunga uwanja wa ndege, Wu akarudi New York kwa treni ya mwisho akamweleza Lee. Mtu mwingine angeita waandishi wa habari kesho yake. Wu alirudi kukagua. Je, tofauti ile haikuletwa na sumaku yenyewe kuzipinda elektroni? Je, fuwele haikuwa na usumaku wake uliobaki? Walikuwa tayari na vihesabio viwili vya mionzi ya gama, ambavyo vilionyesha ni kiasi gani viini vimepangika kila wakati, na mistari ya gama na ya beta ikafifia pamoja. Saa nane usiku wa kuamkia Januari 9, 1957, ukaguzi wa mwisho ulikwisha. Hudson akatoa chupa ya mvinyo wa Ufaransa, wakanywa kwa vikombe vya karatasi.

Wakati huohuo wanafizikia wengine, Richard Garwin, Leon Lederman na Marcel Weinrich, walipopata fununu ya matokeo ya Wu, walifanya jaribio la aina nyingine kwa siku chache tu, wakapata jibu lilelile. Kwa adabu ya kazi walisubiri andiko la Wu liende kwanza. Januari 15 Columbia wakaita waandishi.

Tuzo ya Nobeli ya mwaka huohuo ilikwenda kwa Lee na Yang. Wahenga walisema mchimba kisima hakatazwi maji. Stockholm walimkataza. Sisemi kwamba wale wawili hawakustahili, kwa maana kuuliza lile ambalo wote wamelinyamazia ni kazi kubwa. Lakini swali lao lingebaki swali. Na tukimtetea Wu tusifanye kosa lilelile kwa wale wanne wa Washington, ambao majina yao hata watetezi wake huyaruka. Wu mwenyewe alipata tuzo ya kwanza ya Wolf ya fizikia mwaka 1978, na kabla ya hapo, mwaka 1975, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Jumuiya ya Fizikia ya Marekani. Mwaka huohuo wa 1975 ndipo mshahara wake Columbia ulipolinganishwa na wa wanaume wenzake. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na minane baada ya kobalti.

Wanafunzi wake walimwogopa. Aliwataka maabara Jumamosi na Jumapili, na kipimo cha juujuu alikirudisha bila huruma. Nimesoma lawama hizo na sizipuuzi. Maisha ya namna hiyo yana gharama, naye aliilipa. Wazazi wake walifariki bila yeye kuwazika, na alipofika China tena mwaka 1973 alikuta makaburi yao yamebomolewa katika Mapinduzi ya Utamaduni.

Mikono yake haikupumzika. Alishuka kwenye mgodi wa chumvi Ohio, mamia ya mita chini ya ardhi, kuukimbia mnururisho wa angani ili apime mmeguko wa nadra sana. Akachunguza pia himoglobini na mabadiliko yake katika selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kanda ya Ziwa na pwani hazihitaji kusimuliwa. Alifariki New York mwaka 1997, na majivu yake yakazikwa katika uwanja wa shule ya Mingde aliyoianzisha baba yake.

Walimu wa fizikia, mkifika kwenye mada ya mionzi na mkishawataja Becquerel, Curie na Rutherford, ongezeni jina la Wu ubaoni. Na kama shule yenu ina maabara iliyofungwa kwa kufuli, daini ufunguo.