Yupo au Yumo? Sungura Asiyeonekana katika Filamu ya Harvey

Kumwita Harvey, sungura wa zaidi ya futi sita katika filamu ya Henry Koster ya mwaka 1950 iliyotokana na tamthilia ya Mary Chase, "kiumbe wa kufikirika" ni kuamua kesi kabla ya kusikiliza mashahidi. Kwa Elwood P. Dowd (James Stewart), Harvey yupo. Kwa madaktari, yumo, kichwani mwa mgonjwa. Silabi moja tu inamtenga mwenye rafiki na mwenye wazimu.

Elwood hajibu kwa hoja bali kwa adabu. Humtambulisha mwenzake kwa kila amkutaye na kumpisha mlangoni. Stewart naye huinua macho kana kwamba anatazamana na uso, hata mtazamaji akajikuta akipima kimo cha hewa tupu. Ndiyo maana milango inayojifungua yenyewe ni ushahidi wa ziada: Koster anamsaidia mwigizaji asiyehitaji msaada.

Uzito wa ucheshi huu, hata hivyo, uko kwa Veta (Josephine Hull, aliyetunukiwa Oscar). Ndiye anayetaka nduguye alazwe, na ndiye anayekiri kwamba mara nyingine yeye pia humwona Harvey. Anaizuia sindano baada ya dereva wa teksi kumweleza jinsi wagonjwa wapole wanavyorudi wakiwa wagomvi, tena bila bakshishi. Hakuna aliyemthibitishia kwamba Harvey yupo. Anachokiogopa ni Elwood aliyepona.