Kalamu ya Shangazi wa Sultani: Salme binti Said katika Darasa la Sultan Hamud

Mji wa Sultan Hamud, ulioko Makueni kando ya reli ya zamani na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, una jina la mtu wa pwani. Mtu huyo ni Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, na ambaye alifika kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa katika nyika ya Ukambani. Sultani huyo alikuwa na shangazi mwandishi. Salme binti Said, dada wa babaye, alichapisha mjini Berlin mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kwa lugha ya Kijerumani na kwa jina la Emily Ruete. Kwa hiyo mwalimu wa Sultan Hamud anayewapa wanafunzi wake kazi ya kumtafiti mwandishi mwanamke na kumweleza mbele ya darasa hana haja ya kwenda mbali. Jina la mji wenyewe litampeleka kwa Salme.

Kazi za namna hiyo si ngeni. Shule za sekondari za Kenya zimekwisha kuzisoma riwaya za wanawake kama vitabu vya lazima, zikiwemo Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na ni jambo la kawaida mwanafunzi kutakiwa asimame amweleze mwandishi. Kasoro iko katika mtindo wa maelezo yenyewe. Mwandishi mwanaume huulizwa alisema nini. Mwandishi mwanamke huulizwa aliolewa na nani. Hata Mwana Kupona binti Msham hakuepuka jambo hilo. Utendi wake wa 1858 hutajwa kwa haraka kama mawaidha ya mke mtiifu, kana kwamba yeye alikuwa mke tu wala si fundi wa vina na mizani.

Salme ameathirika zaidi, maana maisha yake yanafanana mno na hadithi. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Babaye, Sayyid Said bin Sultan, alifariki 1856. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa huko Aden na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwenyewe alifariki Jena mwaka 1924. Mwanafunzi akiyataja hayo darasa litampigia makofi, na yote ni kweli. Lakini hamna ndani yake hata neno moja juu ya uandishi. Tena jambo la mapenzi, ambalo wasimulizi hulikuza sana, mwandishi mwenyewe amelipitia kwa kurasa chache mno. Sehemu kubwa ya kitabu ni juu ya majumba, malezi, ndoa, mfungo, maradhi na uganga, fitina za warithi, na utumwa. Alianza kukiandika kwa ajili ya wanawe, waliokulia Ujerumani bila ya kuijua nchi ya mama yao. Mwana Kupona naye alimwandikia binti yake. Ulinganisho huu ungelifaa darasa kuliko habari zote za Aden.

Utafiti wa kweli hauna budi kuanza na swali la kalamu: mwanamke huyu aliipataje? Kitabu chenyewe kinajibu. Watoto wa kike wa jumba la Sayyid walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika mahali pa ubao. Alipotaka kuusahihisha mwandiko wake alimfanya mmoja wa watumwa wao waliosoma kuwa mwalimu wake. Mambo yalipofichuka alilaumiwa vikali. Na kalamu hiyo haikukaa bure. Mwaka 1859, Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yake Majid, Salme aliyekuwa na umri wa miaka 15 ndiye aliyefanywa karani wa njama, kwa sababu alijua kuandika. Barua zilizoagiza silaha na baruti zilitoka mkononi mwake, na miaka mingi baadaye alikiri kwamba jambo hilo lilimchoma moyo. Wanawake wachache katika historia ya pwani wanaonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba kuandika ni nguvu, na kwamba mwenye nguvu hiyo huweza kuitumia vibaya.

Hapa ndipo mhakiki wa Ukambani anapokuwa na haki ya kumhoji Salme kwa ukali zaidi kuliko msomaji wa Berlin. Utajiri wa jumba la Mtoni haukuota pale penyewe. Ulitokana na mikarafuu iliyotunzwa na watumwa kutoka bara, na ushuru wa bidhaa za bara, zikiwemo pembe ambazo misafara ya Wakamba, kama ile ya Kivoi wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851, iliziteremsha hadi Mombasa. Katika sura yake juu ya utumwa Salme anawasuta Wazungu kwa kuhukumu wasiyoyajua, anatetea namna watumwa walivyotendewa na mabwana wa Kiarabu, na kudai kwamba Mwafrika hafanyi kazi ila kwa kulazimishwa. Mwanafunzi anayemsifu Salme kuwa sauti ya wanyonge kwa sababu tu ni mwanamke hajaifikia sura hiyo, au ameifikia akairuka.

Hata hivyo kumtupa kwa sababu ya sura hiyo nako si uhakiki, kwani kitabu kinapingana chenyewe. Katika kurasa za mwanzo Salme anasimulia habari za mama yake, Jilfidan, aliyekuwa Msirkasi. Watu wenye silaha waliivamia nyumba yao, wakawaua baba na mama mbele ya watoto, kisha wapandafarasi watatu wakawachukua watoto watatu, kila mmoja na njia yake. Jilfidan hakupata tena habari za nduguze. Alikuwa na umri wa miaka kama saba au minane alipoingia milki ya Sayyid Said. Binti anayelisimulia jambo hilo kwa uchungu ndiye huyo huyo anayeutetea utumwa sura kadhaa mbele, na ndiye aliyenyooshewa mwandiko na mtumwa. Hakuna mahali anapoziunganisha habari hizo. Pengo hilo ndilo kiini cha kitabu, na ndilo linalopotea mara tu maelezo ya darasani yanapoishia katika tarehe za kuzaliwa na kuolewa.

Pengo hilo hilo limo katika sheria ya mpwawe. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud, aliyekuwa amewekwa kitini na Waingereza baada ya jumba la Unguja kupigwa mizinga Agosti 1896, alitia sahihi amri iliyofuta hali ya kisheria ya utumwa. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wanawake wa hali aliyokuwa nayo Jilfidan waliachwa nje mpaka 1909, kwa hoja kwamba walikuwa kama wake. Shangazi hakuliona tatizo hilo katika kitabu, na mpwa hakuliona katika amri.

Limebaki suala la lugha. Salme alikulia ndani ya Kiarabu na Kiswahili, akaandika Kijerumani, na mwanafunzi wa Kenya humsoma kwa Kiingereza, ama katika tafsiri ya 1888, ama katika ile ya Lionel Strachey ya 1907. Zote mbili hupatikana bila malipo katika intaneti. Barua zake juu ya maisha ya Ujerumani zilitolewa kwa Kiingereza na E. van Donzel mwaka 1993. Mwanafunzi atakayemweleza kwa Kiswahili atakuwa anayarudisha maneno yake karibu na midomo iliyoyasema kwanza, na itampasa aamue mwenyewe wapi aandike mtumwa, wapi mtumishi, wapi suria na wapi mke. Kitabu hakitamwamulia. Afadhali basi azisome kurasa za Jilfidan kwa sauti mbele ya wenzake, kisha sura ya utumwa siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote hajauliza habari za mume.